Papai na Jibini Jikoni mwa Mama Shiru

Jumatatu, 12 Januari 2026

Leo Tabby ameanza mionzi. Ni siku thelathini, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki sita. Tusipokosa hata siku moja tutamaliza tarehe 20 Februari. Uvimbe uko kooni upande wa kushoto, na daktari anasema umepatikana mapema.

Uzito: kilo 61.

Muuguzi wa pale anaitwa Sista Eucabeth. Ana maneno machache na macho makali. Aliniambia ninunue daftari niwe ninaandika kila anachokula Tabby, saa na kiasi. Sikumwambia kwamba nimeandika vyakula vya watu kwa miaka ishirini na miwili, nikiwa mpishi wa mesi ya maofisa wa jeshi hapa Lanet hadi nilipostaafu nikiwa sajini. Nimenunua madaftari mawili. Lile jembamba ni la Sista. Hili ni langu.

Halafu alituambia jambo ambalo heri niliandike kama alivyolisema. Kuanzia wiki ya tatu koo litatoka vidonda na kula kutakuwa kazi. Uzito ukishuka hadi kilo 54, daktari atampitishia mrija puani ili alishwe kwa huo.

Tabby alikuwa anafunga vifungo vya sweta. Akasema, "Huo mrija hautaingia kwangu."

"Mama, ni wa muda tu," Sista akasema.

"Dadangu Mugure pia aliambiwa ni wa muda tu. Alikufa nao. Siku mtakayonionyesha huo mrija, mimi na mionzi yenu tumeachana."

Namjua. Tumeoana miaka thelathini na mmoja, na sijamsikia akisema neno kwa sauti ile halafu akalirudisha. Kwa hiyo hesabu yangu ni rahisi. Kutoka 61 hadi 54 ni kilo saba. Hizo saba ndizo za kulinda.

Jumanne, 13 Januari

Ugali, sukuma, mayai mawili. Alipika mwenyewe.

Jumamosi, 17 Januari

Joto. Nyasi za mbele ya nyumba zimekauka hadi zinavunjika ukizikanyaga.

Niandike hili ili mambo yajayo yaeleweke: mimi sipiki nyumbani. Wiki ya kwanza baada ya harusi, tukiwa bado kwenye nyumba za kambi, niliingia jikoni nikaanza kukata vitunguu. Tabby aliniondolea kisu mkononi, polepole, kama mtu anayemwondolea mtoto. Akasema, "Huko unapikia serikali. Hapa ni kwangu." Na mama yangu angesikia mwanawe anapika na mke yuko, angeteremka kutoka Dundori siku hiyo hiyo kuja kuuliza kuna nini. Basi nikatoka. Nimekula chakula cha Tabby miaka yote hii, na yeye hajawahi kula changu.

Jumatatu, 26 Januari

Kilo 59.4. Anasema kila kitu kina ladha ya msumari. Alipika mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa, uliokuwa unanukia hadi barabarani, akanipakulia, akakaa kuniangalia nikila.

Alhamisi, 29 Januari

Wali, vijiko vitano. Chai aliisubiri ipoe, kisha akaiacha.

Jumamosi, 31 Januari

Akina mama wa kanisa wamekuja sita, kila mmoja na chombo chake. Supu, maharagwe ya njahi, viazi, kuku wa kienyeji. Tabby aliwashukuru mmoja mmoja kwa jina. Alitia kijiko cha supu mdomoni, akakishikilia humo, akatabasamu. Mimi nilikuwa ninaangalia koo lake. Halikusogea. Walipofumba macho kuomba, aliitema supu kwenye leso.

Jirani yetu Jepkoech, mke wa Kipketer tuliyetumika naye jeshini, alibaki nyuma kuosha vyombo. Alinivuta mlangoni.

"Mzee, nimemwona. Hiyo supu ni moto na iko na nyanya. Hata mimi nikiwa na kidonda mdomoni siwezi."

"Sasa tufanye nini?"

"Si wewe ndiye mpishi?"

Nikamwambia ashushe sauti. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Sajini mzima anaogopa jikoni ya bibi yake!"

Jumatatu, 2 Februari

Kilo 57.6. Sista Eucabeth aliangalia namba, akaandika, hakusema kitu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumanne, 3 Februari

Mesini, miezi ya joto, kila Jumapili tulikuwa tunatoa saladi ya matunda na jibini. Nanasi, chungwa, papai, jibini ngumu iliyokatwa mraba, limau juu, pilipili manga kidogo, na yote imekaa kwenye friji tangu asubuhi. Watu waliokataa nyama kwa sababu ya jua walikuwa wanarudi kuchukua mara ya pili. Bakuli lilirudi jikoni limekwanguliwa.

Niliiwaza saladi hiyo tangu jana. Leo Tabby alipolala mchana, niliingia jikoni nikinyata kama kuruta. Kutafuta kisu peke yake kulinichukua dakika kumi. Kilikuwa ndani ya jagi. Nikakata jinsi mikono ilivyozoea, na nilipokuja kuangalia, nilikuwa nimetengeneza saladi ya watu ishirini na tano. Beseni zima.

Alipoamka nilimpelekea sahani.

"Ni nini?"

"Saladi."

"Nani amekata?"

"Mimi."

Angekuwa mzima nadhani angenifukuza mimi na sahani. Akachukua kipande cha nanasi, akatia mdomoni.

Sauti aliyotoa sitaiandika. Alijishika shingo kwa mikono miwili, machozi yakatoka yenyewe. Nilisimama pale na sahani yangu kama mhudumu. Baadaye, kwa kuwa hakuweza kusema, aliandika nyuma ya bahasha: UMENIWEKEA MOTO.

Jumatano, 4 Februari

Nilimweleza Sista Eucabeth. Aliweka kalamu chini.

"Nanasi? Na limau? Na pilipili? Mzee, ulitaka kumchoma?"

"Mesini tulikuwa—"

"Mesini kulikuwa na watu wangapi?"

"Arobaini. Hamsini Jumapili."

"Hapa kuna mmoja."

Akanihesabia kwa vidole. Kikali hapana. Chumvi hapana. Pilipili hapana. Moto hapana. Kiwe laini, kiwe baridi, kiwe na mafuta na cha kujenga mwili. Nikamuuliza kuhusu jibini. Akasema jibini ni nzuri sana, ikiwa laini na haijatiwa chumvi hata chembe.

Beseni nilimpelekea Jepkoech. Kipketer alipiga simu kuuliza kama kwetu kuna harusi na hawakualikwa.

Ijumaa, 6 Februari

Kamande hutuletea maziwa kutoka Dundori kwa pikipiki kila asubuhi, lita mbili. Leo nimemwomba nne.

"Mzee, mmepata mtoto?"

"Nataka kutengeneza jibini."

"Ya kuuza?"

"Ya mama."

Alizima pikipiki. "Basi kesho nitakuletea ya yule ng'ombe wa Jersey. Huyu wa leo maziwa yake ni maji tu, hata yeye anajua."

Nilipasha maziwa mpaka yakakaribia kuchemka, nikaepua, nikatia maji ya limau kijiko kwa kijiko mpaka yakakatika, nikachuja kwa kitambaa. Zile chenga nikaziosha kwa maji baridi mara tatu ili ukali wa limau utoke. Kisha nikaning'iniza kitambaa kwenye bomba la sinki. Ya kwanza niliibana sana, ikawa raba. Kuku wa Jepkoech wameila. Ya pili niliiacha ijichuje yenyewe dakika arobaini. Laini kama uji mzito.

Jumatatu, 9 Februari

Kilo 56.1.

Papai lililoiva hadi linakubali kijiko, tikiti maji bila mbegu, jibini juu. Vijiko vinne mchana, vitatu jioni. Hakusema ni tamu, maana hawezi kujua. Alisema, "Ni baridi." Siku hizi hiyo ni sifa kubwa.

Jumatano, 11 Februari

Vijiko saba.

Alhamisi, 12 Februari

Vijiko sita. Nilitafuta chujio robo saa, maziwa yakapoa.

Jumamosi, 14 Februari

Leo nimefanya kazi. Jiko hili lilikuwa linanichelewesha. Visu kwenye jagi, majani ya chai kwenye mkebe wa kakao, kakao kwenye chupa ya asali, sukari juu kabisa, mahali ambapo hata mimi mwenye urefu huu nanyoosha mkono. Tabby alilala tangu saa tatu. Nilitoa kila kitu, nikaosha rafu, nikapanga kwa utaratibu wa mesi. Vya kila siku usawa wa kifua, vizito chini, vya kukatia pamoja, vikavu pamoja, sufuria kwa ukubwa, mifuniko imesimama. Nikabandika karatasi: CHAI. SUKARI. UNGA. VIUNGO. Visivyo na kazi nilivitia kwenye katoni karibu na mlango wa nyuma: vikombe visivyo na mkono, mwiko uliokatika, sufuria yenye tundu.

Saa nane nilisimama mlangoni nikaangalia. Afande yeyote angepitisha jiko lile. Sijafurahi hivi tangu Januari.

Jumapili, 15 Februari

Tabby aliamka kabla yangu. Alikuwa amepata nafuu kidogo, akataka kujichukulia kikombe chake mwenyewe. Nilisikia kabati zikifunguliwa na kufungwa, zikifunguliwa na kufungwa. Halafu kimya.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda katikati ya jiko. Katoni ilikuwa mbele yake. Mwiko uliokatika ulikuwa mapajani, vipande viwili.

"Nani amekufa?" akauliza. Sauti yake siku hizi ni ya pumzi tu.

Nilidhani ni dawa zinamchanganya. "Hakuna aliyekufa, Mama Shiru. Nilikupangia tu, ili—"

"Mama alizikwa Jumatano. Alhamisi shangazi zangu wakaingia jikoni mwake wakapanga hivi hivi. Sufuria hapa, vikombe pale. Katoni mlangoni. Mimi nimesimama nikiwasikia: hiki hakina kazi, hiki hakina kazi." Alikohoa. Nikampa maji, akaisukuma glasi. "Na wao walingoja azikwe, Baba Shiru. Wewe hata hukungoja."

Nikasema, "Nilikuwa natafuta chujio."

Ni kweli nilikuwa natafuta chujio. Sijui kama nimewahi kusema maneno ya kipumbavu kuliko hayo.

Alirudi kitandani akageukia ukuta. Saladi ya mchana hakuigusa. Ya jioni hakuigusa. Maji alikunywa nusu glasi.

Niandike ukweli kwa kuwa daftari ni langu. Mchana nilikasirika. Nilizunguka nyumba nikijiambia kwamba ninaamka saa kumi na moja, ninachuja maziwa, ninaosha matunda, na mtu anaacha kula kwa sababu ya mahali vikombe vilipokaa. Nilijiambia maneno mengi. Kisha binti yetu Shiru akapiga simu kutoka Eldoret.

"Dad, umefanya nini? Mum hashiki simu yangu."

Nikamweleza.

"Umeweka mpaka karatasi? Zenye majina?"

"Nimeweka."

"Aki Dad. Mtu ambaye amepika hapo miaka yote, ndiye aandikiwe chai iko wapi?"

Hakunikaripia zaidi. Nilikata simu, nikakaa, na hasira yangu sikuiona tena ilikokwenda. Wakati wote huu nilikuwa naliona jiko lile kama ghala ambalo mtu ameliacha bila mpango. Na yeye alikuwa amelala chumbani, amepoteza sauti, amepoteza ladha, amepoteza nywele za nyuma ya shingo, na kitu kimoja kilichobaki kikiwa kama alivyokiacha nilikiondoa kati ya saa tatu na saa nane.

Jumatatu, 16 Februari

Kilo 54.5.

Sista Eucabeth aliuliza kama alikula wikendi. Tabby hakumjibu. Mimi nilisema, "Kosa ni langu."

"Sijauliza kosa ni la nani. Ijumaa nitampima tena. Ikiwa ni 54 kamili, daktari ataweka mrija siku hiyo hiyo."

Tabby aliuangalia mlango. Mionzi imebaki siku nne baada ya leo.

Jumanne, 17 Februari

Tuliporudi kutoka hospitali alikwenda kulala. Mimi nilibandua karatasi zote, nikaanza kurudisha vitu.

Nilikumbuka visu, chujio na sukari. Basi. Vitu ni mia moja na kumi na vitatu, nimevihesabu, na mimi niliyekuwa najua hata umeme ukipotea kila sahani ya mesi iko wapi, sikujua mke wangu anaweka wapi kijiko cha uji. Nilirudisha kitu hapa, nikakitoa, nikakipeleka kule. Saa sita jiko lilikuwa baya kuliko mwanzo.

Nikachukua kiti chenye mikono cha sebuleni, nikakiweka mlangoni mwa jikoni. Kisha nikaenda chumbani.

"Mama Shiru, nimeshindwa. Njoo uniambie."

Hakugeuka. "Uliza karatasi zako."

"Nimezibandua."

Akavuta blanketi hadi masikioni.

"Kile kinu kidogo cha saumu nimekiweka kwenye friji."

"Kwenye friji?"

"Sikujua pa kukiweka."

Mabega yake yalitikisika. Sijui kama ilikuwa hasira au kitu kingine. Akaketi, akatafuta ndara zake, akaja akijishikilia ukutani, akaketi kwenye kiti.

"Chujio," akasema. "Nyuma ya mlango. Huo msumari wa juu. Huo mwingine ni wa aproni."

"Sukari?"

"Juu."

"Kwa nini juu?"

"Shiru alikuwa anaila kwa kiganja."

"Shiru ana miaka ishirini na tisa."

"Na akija bado anaila."

Ikaendelea hivyo. Alikuwa anaonyesha kwa kidole sauti ikimwishia. Majani ya chai yako kwenye mkebe wa kakao kwa sababu kifuniko chake ndicho pekee kinachobana. Sufuria yenye tundu ni ya kukaangia njugu, na tundu lenyewe liko karibu na ukingo, ila sikulitazama vizuri. Nilipoinua mwiko uliokatika nikauliza kwa macho tu, akanyoosha mkono nimpe.

"Huu ulikatika siku tuliyohama kambini. Nilihama peke yangu na Shiru mgongoni. Wewe ulikuwa na karamu ya jenerali."

Nilikuwa naikumbuka karamu ile vizuri. Watu mia mbili, na hakuna sahani iliyochelewa. Kuhama sikukumbuka kabisa. Nilikuwa nimetoka nyumba moja asubuhi nikarudi nyingine jioni, na chakula kikiwa mezani.

"Unakaa wapi?" nikauliza.

"Kwenye droo. Hauna kazi. Lakini unakaa kwenye droo."

Nikaurudisha kwenye droo.

Saa saba ilikuwa imefika, na kwa kuwa saa saba ni saa ya chakula, nilianza kukata papai kati ya kazi moja na nyingine. Alinitazama.

"Vipande hivyo ni vya nani? Farasi?"

"Ni mraba wa nusu inchi. Ndicho kipimo."

"Kipimo cha mtu mwenye kutafuna. Mimi nina koo tu. Lete uma. Na hilo bakuli."

Aliweka bakuli mapajani. Akaponda papai mpaka likalegea, akakamulia tikiti juu yake kwa kiganja, kisha akasugua jibini kati ya vidole ikawa kama chenga za unga, akakoroga. Aliweka kidogo kwenye ulimi, akafumba macho, akameza. Niliona koo likisogea.

"Ongeza maji ya tikiti. Linatakiwa liteleze."

Nikaongeza.

"Haya, endelea na kazi yako. Usinisimamie kama askari jela."

Nikaendelea. Kati ya mifuniko na kijiko cha uji alikula vijiko kumi na kimoja.

Jumatano, 18 Februari

Niandike jinsi tunavyoitengeneza saladi sasa, kwa kuwa ya mesi nimeiacha.

Papai nusu, limepondwa. Tikiti maji kikombe kimoja, nyama yake na maji yake. Avokado robo, hilo ameliongeza yeye. Jibini vijiko vinne, imesuguliwa kwa vidole, na vidole ni vyake. Hakuna limau, hakuna chumvi. Friji kwa muda wa saa mbili. Anakula saa nne, saa saba, saa kumi na saa moja jioni, kidogo kidogo. Mimi nachuja na kuosha, yeye anaponda akiwa kwenye kiti chake. Kiti hakijarudi sebuleni.

Alhamisi, 19 Februari

Vijiko thelathini na vinne kwa siku. Amechoka sana.

Ijumaa, 20 Februari

Mionzi ya thelathini. Alitoka akiwa ameshika ukuta, lakini alitoka.

Halafu mizani. Sista alimwambia apande, ashuke, apande tena.

"Viatu umevua?"

"Nimevua," Tabby akasema.

"54.3." Sista aliandika. Kisha akaniangalia mimi badala yake. "Mnampa nini?"

"Papai na jibini."

"Mpeni zaidi. Msidhani imeisha. Wiki mbili zinazokuja ndizo mbaya, koo litauma kuliko sasa. Kila Jumatatu mniletee mtu huyu, na ile 54 bado ni 54."

Jumatatu, 23 Februari

Kilo 54.2.

Alhamisi, 26 Februari

Alitamani embe. Likamwasha. Embe nimekula mimi, nyuma ya nyumba, ili asinione.

Jumatatu, 2 Machi

Kilo 54.1.

Hajasema neno tangu Jumamosi, anaandika tu. Anakula kama mtu anayepanda mlima, kijiko, anapumzika ameinamisha kichwa, kijiko. Joto la mchana linapasua mabati. Nimeanza kutengeneza jibini kila siku ili iwe laini zaidi, na Kamande analeta maziwa ya Jersey kwenye kibuyu cha peke yake ili yasichanganyike.

Leo saa kumi alisukuma bakuli, akaandika: Siku nikishindwa, usinilazimishe.

Nikasoma. Nikaketi sakafuni karibu na kiti, maana kwenye kigoda magoti yananiuma. Nikamwambia, "Sitakulazimisha. Lakini nitakuwa natengeneza. Hata usipokula nitatengeneza, iwe hapo."

Kisha akavuta bakuli. Vijiko viwili tu, lakini alivuta mwenyewe.

Jumatano, 4 Machi

Vijiko ishirini na moja.

Jumamosi, 7 Machi

Vijiko ishirini na tisa. Amesema "asante" kwa mdomo.

Jumatatu, 9 Machi

54.6. Sista Eucabeth alitabasamu. Ana pengo la mbele. Sikuwa najua.

Jumamosi, 14 Machi

Akina mama wa kanisa wamerudi, wanne, na Jepkoech. Safari hii Tabby alikuwa ameniambia tangu asubuhi nitengeneze nyingi. Nikasema kutengeneza nyingi ndiyo kazi ninayoijua.

Niliweka bakuli mezani nikataka kutoka, kama kawaida ya nyumba hii wageni wakija. Mmoja wao alionja akasema, "Mama Shiru, hii umejifunza wapi? Ni tamu na inapoza roho."

Nilikuwa nimefika mlangoni. Miaka yote hii ukimwuliza mtu wa kanisa nilikuwa nafanya nini jeshini, atakuambia nilikuwa stoo. Sijui nani alianza kusema hivyo. Sijawahi kuuliza.

"Ni yeye," Tabby akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza lakini ilifika. "Ndiye mpishi. Alikuwa mpishi wa maofisa miaka ishirini na miwili."

"Baba Shiru?"

"Huyo huyo. Hata jibini ni yake."

Wakaniangalia wote. Jepkoech akapiga goti lake kofi. "Wangu hata chai anaunguza! Na hawa mlikuwa mnawaficha!"

"Nilikuwa naona haya," Tabby akasema. "Sasa nimemaliza."

Nikaenda jikoni nikaosha chujio ambalo lilikuwa safi.

Jumatano, 18 Machi

Mawingu juu ya mlima Menengai jioni, yakaondoka.

Jumatatu, 23 Machi

Kilo 55.4. Daktari alimulika koo muda mrefu, akasema vidonda vinafunga na hakuna haja ya kuzungumzia mrija tena. Tabby alimwambia, "Mimi sikuwa nauzungumzia." Tutarudi kliniki mwezi ujao. Sista Eucabeth alichukua lile daftari jembamba, akaomba abaki nalo awaonyeshe wengine. Nikampa.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua imeanza saa nane, ya kwanza ya kweli. Imenyesha hadi maji yakapita chini ya mlango wa nyuma. Nilikuwa na wasiwasi kwamba kwa baridi hii hatataka saladi, lakini jibini ilikuwa tayari na papai lilikuwa la mwisho.

Alikaa kwenye kiti, akaponda, akasugua, akala kijiko cha kwanza. Cha pili alikisimamisha hewani, akakunja uso. Niliruka.

"Unaumwa?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa anazungusha ulimi mdomoni, polepole, kama mtu anayetafuta kitu.

"Baba Shiru. Hii jibini haina chumvi."

Nikamwambia haijawahi kuwa nayo.

"Tangu lini?"

"Tangu uanze kuila. Wiki ya saba leo."

"Wiki saba unanilisha kitu kama karatasi, na unakaa hapo unaniangalia?" Akaonja tena, papai peke yake. "Hili ni tamu. Limeiva kupita kiasi, lakini ni tamu."

Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Sasa mwanamume mzima unalia nini?" akasema. "Lete chumvi."